Mwenye Msiba Yuko Wapi?

Kambi ya Karanga,
Nachingwea,
9 Aprili 1950

Kwa dada yangu Zaina binti Mohamedi, Nambilanje,

Pokea salamu nyingi kama vumbi la huku, na vumbi la huku, dada, ukilitimua asubuhi linatua adhuhuri. Mimi ni mzima. Nakula mara tatu kwa siku, na mara ya tatu ni nyama. Sijisifu, ndivyo ilivyo. Shemeji Isihaka nampa mkono. Wapwa zangu wote nawasalimu, na yule mdogo aliyenikojolea mwaka juzi mwambie shati nimelifua lakini sijasahau.

Kazi yetu ni kung'oa miti. Wazungu wanasema pori lote hili litakuwa karanga mpaka macho yachoke. Katapila moja ina nguvu ya ng'ombe mia mbili, na mimi ndiye ninayeiamrisha: nikisema simama, inasimama. Tuko Wangoni, Wahehe, Wamakonde, Wasukuma, na mzungu wetu mmoja ambaye akianza kusema Kiswahili hata mwenyewe hajui kitatokea upande gani. Hatuelewani hata kwa salamu. Sasa nani anawaelewesha? Halfani! Nilijifunza vitani kule Bama, tulipochanganywa na Wahindi na Wanijeria. Unachukua kijiti, unachora chini, unaonyesha kwa mkono, unasema neno moja, unasubiri. Neno la pili usilitoe mpaka la kwanza limeingia. Nyapara Eustakio amesema mbele za watu kwamba bila mimi kambi hii ingekuwa imejing'oa yenyewe ikaacha miti.

Barua yako ya mwezi uliopita ilifika. Eusebio dereva anasema lori lake lilikwama matopeni siku tisa, kwa hiyo nilipoifungua mambo yote huko yalikuwa yamekwisha. Nimeisoma. Ile habari ya nyumbani nimeielewa. Basi, ndiyo dunia. Ningekuja, lakini kazi hizi ukikosekana siku moja unakuta mtu ameketi kwenye kiti chako, tena amejinyoosha.

Natuma kanga jozi mbili, moja yako na moja ya mdogo wetu Mwanawetu. Ya kwake ni ile yenye korosho kubwa nyekundu, maana yeye anapenda kitu kinachoonekana kutoka ng'ambo ya shamba. Mbona barua nzima hukumtaja? Anaendeleaje?

Ni mimi mdogo wako,
Halfani Mohamedi, askari wa jeshi la Keya, bwana wa katapila


Nambilanje,
2 Mei 1950

Mdogo wangu Halfani,

Umeamkaje huko? Sisi tumeamka. Mvua zimekatika, mtama umeinama, watoto wako shambani tangu alfajiri wanafukuza ndege. Ufuta mwaka huu umekubali. Kanga zimefika, Mungu akuzidishie. Mpwa wako wa shati anasema hakumbuki kitu kama hicho. Naandika mwenyewe, Isihaka amenipigia mistari tu, kwa hiyo mwandiko usiucheke.

Sasa lililonikalisha chini. Mama alikufa tarehe tano Machi. Arobaini yake tumesoma. Naliandika neno hilo kwa sababu wewe hukuliandika. Nimesoma barua yako mara tatu nikilitafuta, nikakuta "ile habari ya nyumbani" na ng'ombe mia mbili.

Umeuliza habari za Mwanawetu. Mwanawetu hajui.

Siku ile asubuhi, sanda haijaletwa, Mjomba Saadi alisimama mlangoni akasema, "Mtoeni huyo. Ataanza kelele, atatuaibisha. Na hata mkimwambia, ataelewa nini?" Huyo, Halfani! Mtu wa miaka ishirini na tatu. Ni kweli anachelewa kuelewa, ni kweli hesabu yake inaishia kumi, lakini Mama alikuwa hafanyi jambo bila yeye. Nami nilikuwa nimechoka, sikubisha na kaka wa Mama siku kama ile. Nikamwambia Mwanawetu, nenda kwa jirani Hajira, kuna karanga za kubambua. Akaenda. Alibambua mpaka jua likapinda, na sisi tunazika. Aliporudi akakuta kitanda cha Mama kimetolewa nje na sisi wote tumenyolewa. Akanipapasa kichwa. Akauliza, "Mama yuko wapi?" Nikasema la kwanza lililonijia mdomoni: "Mama kaenda Nachingwea kwa Kaka Halfani."

Tangu siku hiyo kila jioni anampakulia Mama ugali, anaufunika kwa kawa. Asubuhi anawapa kuku, anaosha sahani. Halafu anakwenda kukaa njia panda, lori la Eusebio likija anachungulia nyuma. Watoto wa watu wanamwimbia, "Zezeta, zezeta, mama yako kapanda lori." Wiki hii amechimba ming'oko, viazi mwitu vyetu vile, akachagua minono, akamkabidhi Eusebio akupe wewe umpe Mama. Kifurushi kinakuja pamoja na barua hii. Kipokee.

Mjomba Saadi anasema akiendelea kuzurura tumfungie ndani, mlango ufungwe kwa nje, mpaka asahau. Nimemwambia kwamba mwanamume wa tumbo letu ni wewe, mjomba wa wanangu ni wewe, neno lako lingojewe. Kanipa muda, lakini si mrefu. Basi sema. Aambiwe au asiambiwe? Na akiambiwa, ni kwa maneno gani? Mimi kila nikifungua mdomo ananitazama kama mtu anayesubiri habari njema, nami nasema kitu kingine.

Dada yako,
Zaina


Kambi ya Karanga,
Nachingwea,
28 Mei 1950

Dada Zaina,

Nakusalimu wewe na wote wanaokula kwenye sinia yako. Mimi niko vilevile, ila nimenenepa, mkanda umeongezwa tundu. Juzi katapila ilizama mpaka kiunoni, wazungu wanne wakaizunguka wakishika videvu. Nikasema pisheni. Nikachora chini, nikaonyesha gogo liende wapi na mnyororo ufungwe wapi, nikainua mkono. Ilitoka kama jino bovu! Walinipigia makofi. Eustakio shahidi.

Ming'oko imefika. Ipo. Imo ndani ya sanduku langu.

Mjomba Saadi namheshimu, ndiye aliyenipeleka jandoni. Lakini mwambie mlango usifungwe. Mlango wa Mwanawetu ukifungwa kwa nje, nakuja na katapila kuufungua, na nyumba itakwenda pamoja na mlango. Mwambie hivyo hivyo, ila umwamkie kwanza.

Halafu mnahangaika nini wakati mna fundi? Mwanawetu hasomi, lakini macho anayo kutushinda wote. Nani alikuwa anamwona nyoka kwanza tukienda kisimani? Watu wangu hapa hawajui Kiswahili wala Kiingereza, nikichora wanaelewa. Basi nimemchorea. Karatasi imo humu, nimeikunja mara nne. Nimekaa nayo Ijumaa mbili, kalamu ya risasi nimeichonga mpaka imebaki kama jino la mtoto. Usimweleze kitu. Mpe tu, atazame mwenyewe, ataelewa.

Utaona kitanda na mtu amelala, shuka nyeupe hadi kidevuni. Watu wamemzunguka, nyuso zimeshuka, wewe ni yule mwenye kipini puani. Pembeni nimejichora mimi na katapila, maana nafasi ilibaki, na ili ajue barua imetoka kwa nani. Magurudumu ya ile minyororo yalinichukua siku nzima. Eustakio ameitazama akasema inatoa machozi.

Neno langu ndilo hilo: aambiwe. Nimeshamwambia.

Mdogo wako,
Halfani


Nambilanje,
19 Juni 1950

Halfani,

Salamu utazipata siku nyingine. Mwanawetu ametoka. Leo ni siku ya nne.

Karatasi nilimpa kama ulivyosema, sikumweleza kitu. Aliishika kwa mikono miwili. Akamtambua Mama, akaipapasa. Kisha akaona katapila, akaruka kwa furaha, akasema, "Mama mgonjwa. Mama yuko kwa Kaka. Katapila hii!" Nikasema hapana, si hivyo. Akaniwekea kidole juu ya katapila yako, akaniangalia kama mimi ndiye nisiyeelewa. Jioni alitwanga mtama, akapepeta vizuri, nikafikiri ni kazi ya kila siku. Kulipokucha hayupo. Kibuyu cha maji hakipo, unga haupo, kanga ya korosho nyekundu haipo, wala karatasi yako.

Kaburi hukulichora, Halfani. Uso wa Mama hukuufunika. Ulichora mgonjwa kitandani, halafu ukajichora wewe na kazi yako. Simlaumu aliyesoma, kwa sababu alisoma kilichoandikwa.

Isihaka na wanaume sita walifuata nyayo mpaka kwenye mto, zikapotea kwenye mawe. Unajua mwenyewe ni wanyama gani walioko njia hiyo. Mjomba Saadi hajasema "niliwaambia". Ameketi tu barazani, chakula hagusi.

Kama anakuja kwako, toka ukampokee. Usiandike. Toka.

Zaina


Lionja,
27 Juni 1950

Dada Zaina,

Yupo! Naanza na hilo ili upumue. Yupo hapa mbele yangu, mzima, miguu imevimba, amekula sahani mbili za kisamvu na sasa anaikodolea ya tatu.

Barua yako na habari zake vilinifikia kwa wakati mmoja, vyote kwa Eusebio. Alisema, "Halfani, pale Lionja kuna binti mwenye kanga nyekundu, kila dereva akisimama anamwonyesha karatasi yenye katapila." Nilimwomba Eustakio ruhusa, sikuaga mtu mwingine. Nilipanda juu ya magunia na nguo zangu za kazi.

Yuko kwa mama mmoja mjane, Mwamina, mwenye mikorosho michache nje ya kijiji. Anasema alimkuta anachechemea njiani, akamwuliza unakwenda wapi, naye akafungua karatasi. Njia nzima alikuwa akifanya hivyo. Kila aliyeonyeshwa katapila alinyoosha mkono kuelekea Nachingwea, maana katapila ziko wapi kwingine? Siku saba amekwenda kwa karatasi ile, dada. Nilikosea kuchora msiba, lakini njia niliichora sawasawa.

Mwamina alinitazama juu hadi chini. "Wewe ndiye mwenye katapila? Mbona kwenye picha u mrefu?" Nikaona hapa uongo hautafika mbali. Nikamwambia ukweli, nakwambia na wewe kabla Eusebio hajakwambia: siendeshi. Napaka grisi. Ile ya kuchora chini na kuonyesha kwa mkono, hiyo ni kweli, waulize wote.

Mwanawetu alinirukia shingoni nikataka kuanguka. Kisha akachungulia nyuma yangu. "Mama?"

Nikasema, "Kaa kwanza tule." Tukala.

"Mama?"

Nikasema, "Mama amepumzika." Akasema, "Akiamka twende." Nikasema, "Mama ametangulia." Akachukua kibuyu chake, akasimama mlangoni akinisubiri.

Mwamina alikuwa anapepeta. Akaweka ungo chini. "Hivi wewe baba, kambini kwenu watu wa mashine mnawaambia hivyo? Mtu atakanyagwa!"

Nilijiona mdogo kama siafu. Nikaacha Kiswahili, maana Kiswahili ndicho ninachokimbilia nikitaka kuzunguka. Nikarudi kwenye Kimwera chetu cha nyumbani, ambacho hakuna aliyetufundisha kukiandika, kwa hiyo nakuandikia maana yake tu. Nikamkalisha. Nikalala chali uani, mbele za watu, nikafumba macho, nikajifunika shuka miguu, kifua, na uso. Nikakaa hivyo bila kupumua mpaka kifua kikauma. Nikainuka nikasema, "Mama amekufa." Nikasubiri. "Hapumui." Nikasubiri. "Amezikwa nyumbani, Nambilanje. Hayuko kwangu. Harudi."

Zaina, ndiyo mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwangu, na lilitoka kwa Kimwera.

Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha, Mwamina akanitolea macho. Mwanawetu akauliza, "Lini?"

Nikasema, "Siku ile uliporudi, watu wamenyolewa."

Akajishika nywele zake, zote zipo. "Mimi nilikuwa wapi?"

"Kwa Hajira. Unabambua karanga."

Hapo ndipo alipolia. Aliposikia kufa hakulia. Alilia kwa karanga. Alikuwa anajipiga kifuani anasema, "Mimi mtoto wake. Mimi mtoto wake." Mwamina akamkumbatia, wakaketi chini wote wawili. Mimi nikatoka kwenda kutazama tairi la lori, maana Eusebio alisema lina upepo mdogo.

Sasa ameshika neno moja: anataka anyolewe na akae matanga. Anasema hajakaa. Nimemwambia matanga yamekwisha zamani, akaniuliza, "Ya nani?" Nimepata ruhusa ya siku nne. Kesho Eusebio anatupeleka Ruangwa. Barua hii naitanguliza kwa mtu wa baiskeli, umtume Isihaka atusubiri sokoni.

Halfani


Nambilanje,
30 Julai 1950

Mdogo wangu Halfani,

Habari za siku nyingi. Ufuta tumepura, mtama umo ghalani, wapwa zako wanakuulizia. Mwamina wa Lionja ametuma salamu na kikapu cha korosho, naye nimemtumia asali. Amekuwa ndugu.

Isihaka aliniambia mlivyoachana pale Ruangwa. Ulimkabidhi mkono wa Mwanawetu, ukasema ruhusa imekwisha, ukageuka na lori lile lile. Nimehesabu, ilikuwa imebaki siku moja na nusu. Sikuulizi. Nasema tu kwamba nimehesabu.

Alipofika hakuingia ndani. Alinivuta mkono, "Nionyeshe." Nikampeleka. Akauliza kichwa kiko upande gani, nikamwonyesha. Miguu je, nikamwonyesha. Akapima kwa macho urefu wote, akasema, "Ndiyo, Mama." Akaokota majani yaliyoanguka juu yake, jani moja moja.

Kisha akarudi, akatandika mkeka uani, akaketi akinyoosha miguu kama wanavyokaa wafiwa. Amekuwa akitazama misiba ya watu miaka yote hii, Halfani, na sisi tukidhani haoni. Mjomba Saadi akasema, "Matanga yameshaanuliwa. Hayatandikwi mara ya pili kwa ajili ya mtu asiyejua kitu. Tutachekwa mpaka Ruangwa." Na kweli siku ya kwanza wanawake walipita njia wakiangalia pembeni, wengine wakaziba midomo kwa kanga. Nilikaa naye peke yetu. Siku ya pili hakuja mtu. Akaniuliza, "Hawajui?"

Nikasema, "Wanajua."

"Basi watakuja."

Nikaingia jikoni nikalia kwenye moshi, nikarudi.

Siku ya tatu alikuja Bibi Sabaha, yule aliyemwosha Mama. Unaijua miguu yake, kutoka kwake mpaka hapa alipumzika mara nne, nasi tunamwona. Mjomba alikuwa barazani, akainuka kumpokea. Bibi akampita. Akapiga hodi kwa sauti ya kusikika nyumba ya tano, "Nimekuja kuhani. Mwenye msiba yuko wapi?"

Nikataka kuinuka. Akasema, "Keti. Wewe nilikuhani mwezi Machi."

Akashuka mkekani taratibu, magoti yake yakagusana na ya Mwanawetu. Akasema, "Pole." Akangoja mpaka Mwanawetu amemtazama. "Mama yako nilimwosha mimi." Akangoja. "Kwa maji ya uvuguvugu."

Mwanawetu akauliza, "Nywele?"

"Nilizisuka. Mikia mitatu."

"Iliuma?"

"Haikuuma. Aliyekufa haumii."

Hakuna aliyekuwa amemwambia hilo. Nilimwona mabega yakishuka. Mikononi mwa Bibi Sabaha akaweka kichwa, Bibi akatoa wembe kwenye pindo la kanga, akamnyoa mwenyewe, huku akimwambia kila anachofanya: sasa nyuma, sasa sikio, sasa tumemaliza.

Habari zikatembea. Jioni uani hapakuwa na pa kukanyaga. Kila anayeingia Bibi Sabaha alimwambia mlangoni, "Sema moja, ungoje." Watu wanajua kusema sana msibani, Halfani, lakini siku ile walisema machache, na nilisikia mambo ya Mama ambayo mwezi Machi sikuyasikia. Mmoja alisema, "Mama yako alinipa mbegu." Mwingine, "Mama yako alikuwa na sauti kubwa." Hajira aliingia analia, akapiga magoti. "Mwanawetu, ni mimi niliyekupa karanga. Nisamehe."

Mwanawetu akafikiri. Akasema, "Zilikuwa nyingi."

Tulicheka, mdogo wangu, uani pazima, na Hajira akicheka na kulia pamoja.

Siku ya mwisho Mjomba Saadi alikuja akasimama kwenye ukingo wa mkeka na kofia mkononi. Alikohoa mara mbili tatu. Akasema, "Pole, Mwanawetu." Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akimwita jina lake. Mwanawetu akasogea kidogo, akapiga mkeka kwa kiganja. "Kaa." Akakaa. Walikaa hivyo mpaka chakula kikaletwa. Na ule mlango hautajwi tena.

Sasa ugali wa Mama hapakui. Njia panda haendi. Anaamka, anafagia kule alikolala Mama, halafu anakwenda shamba na sisi. Siku nyingine analia, siku nyingine halii. Akilia anasema analilia nini.

Leo nilipochukua kalamu nilimwuliza, "Nimwandikie nini Kaka?" Isihaka akaacha kazi aliyokuwa anafanya akatutazama, na mimi nikatambua kwamba tangu nijue kuandika sikuwahi kumwuliza. Alifikiri mpaka wino ukakauka kwenye kalamu. Naandika kama alivyosema, sijaongeza wala kupunguza:

"Kaka. Mama amekufa. Mimi nimelia. Dada amelia. Hajira amelia. Kaka hajalia. Kaka aje. Nitakaa naye."

Dada yako,
Zaina


Nachingwea,
18 Agosti 1950

Kwa Mwanawetu binti Mohamedi, Nambilanje

Mwanawetu,

Ni mimi, Kaka Halfani.

Barua hii ni yako. Jina lako liko juu. Dada atakusomea. Dada, soma moja, ungoje.

Nimepata barua yako.

Mama alipokufa sikuja. Nilisema kazi. Haikuwa kazi. Niliogopa.

Ulipokuja Lionja, nilikuleta mpaka Ruangwa. Sikufika nyumbani. Niliogopa tena.

Ming'oko yako sikumpa Mama. Nilikaa nayo. Ilioza. Pole.

Nimeomba siku kumi. Nimepewa. Nakuja Alhamisi. Nitashuka Ruangwa sokoni, nitatembea mpaka kwenu. Nivute mkono, unionyeshe. Unionyeshe kichwa, unionyeshe miguu.

Halafu tutandike mkeka. Tukae wawili.

Mimi nina maneno mengi, unanijua. Nikianza kuchekesha watu, niambie nyamaza. Ukiniona nainuka, nivute nikae.

Kaka yako,
Halfani